Mama Yangu na Nyota Iliyojipaka Masizi

Mwaka nilioanza tasnifu yangu ya fizikia kwenye kampasi ya Kasapa, chuo kikuu cha Lubumbashi, profesa wangu alikuwa na ndoto moja kubwa na vifaa viwili vidogo. Ndoto ilikuwa kujenga antena ya kusikiliza pulsari, yaani mabaki ya nyota zilizokwisha kufa, yanayozunguka kwa kasi ya ajabu na kututumia mawimbi ya redio pigo baada ya pigo. Vifaa vilikuwa simu yake ya mkononi na darubini ya macho mawili, ile ambayo kwetu kila mtu huiita jumelle. Antena yenyewe ilikuwa bado kwenye karatasi. Alikuwa ameichora vizuri sana, kwa rangi tatu.

Siku ya kwanza alitukusanya wanafunzi watano, akaweka simu juu ya meza na kutuchezea sauti ya pulsari moja ya anga la kusini, iliyorekodiwa na watu wenye antena. Ilikuwa inapiga karibu mara kumi na moja kwa sekunde. Profesa akafumba macho kama mtu aliye kanisani. Mimi nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka puani.

Akafumbua jicho moja. "Kuna nini cha kuchekesha, mademoiselle?"

"Samahani, Prof. Inafanana na mashini ya mama yangu."

Mama yangu ni fundi wa kushona katika mtaa wetu wa Kamalondo. Chumba chake cha kazi kinatazama barabara, na mimi nililelewa ndani ya mlio ule hata siusikii tena, ila ukikoma. Jioni ile nilirudi nyumbani na sauti ya pulsari kwenye simu yangu, nikaicheza nyuma yake bila kusema neno. Hakugeuka. Mguu wake uliendelea kukanyaga pedali.

"Ni mashini ya nani ile?" akauliza. "Ule mushonaji anakosa kutia mafuta."

Nikamweleza kwamba hiyo ni nyota iliyokufa. Akasimamisha mashini, akasikiliza tena, akatikisa kichwa.

"Kama ilikufa, inashonea nani?"

Nilicheka mpaka baba akatoka chumbani kuuliza nimekula nini huko Kasapa.

Kwa kuwa antena haikuwapo, profesa alitugawia kazi inayowezekana kwa macho: nyota zinazobadilika mwangaza. Watu wengi hudhani nyota ni ileile siku zote. Kumbe ziko zinazopanda na kushuka, nyingine kwa siku chache, nyingine kwa mwaka mzima, na nyingine hazifuati utaratibu wowote. Kazi ya mtazamaji ni rahisi kueleza. Unaitafuta nyota yako, kisha unatafuta jirani zake wawili wasiobadilika, mmoja anayeng'aa kuipita na mmoja hafifu kuliko yeye. Mwangaza wa jirani hao unajulikana, umeandikwa kwenye ramani. Wewe unaamua nyota yako imesimama wapi kati yao, unaandika namba na saa, unatuma kwenye hazina ya kimataifa ya vipimo, ambako watazamaji wa nchi nyingi hutuma zao. Siku nyingi zikipita, nukta zinakuwa mstari, na mstari unasema nyota inafanya nini.

Ni rahisi kueleza, nasema. Mimi niliifanya vibaya mno. Mtihani wetu wa kwanza ulikuwa nyota moja ya kundi la Tausi, upande wa kusini, inayopanda na kushuka kila baada ya siku tisa bila kukosea. Nukta zangu za mwezi mzima, profesa alipozitandaza kwenye kompyuta, zilikuwa kama maharage yaliyomwagika sakafuni.

"Hii nyota haifanyi hivi," akasema kwa upole. "Hakuna nyota inayofanya hivi."

Nililaumu taa za mji, na kwa kweli zilikuwa na sehemu yao ya lawama. Ndiyo maana katika Kamalondo nzima mimi peke yangu nilifurahia kukatika kwa umeme. Saa moja jioni, mitaa ikiwa imejaa watu, ghafla kila kitu kinazima: baa inanyamaza katikati ya muziki, televisheni zinakufa, na kutoka kila uwanja unasikia mguno mmoja mrefu wa watu waliochoka. Mimi natoka mbio na mkeka wangu. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza maandazi, alinikuta nikitabasamu gizani akanitazama sana.

"Bantu banalia courant, wewe unacheka," akasema. "Uko na kintu unaficha."

Jioni moja ya namna hiyo, katikati ya kiangazi, mama alitoka na taa ya mafuta kutafuta mkasi wake. Alinikuta nimelala chali uani.

"Uko nafanya nini pa mukeka sawa mugonjwa?"

"Niko napima nyota, mama."

"Na nini? Na mita yangu?"

Mita yake ya kupimia nguo ilikuwa shingoni mwake kama kawaida. Nilimwambia azime taa, alale karibu nami, angoje macho yake yazoee giza. Nilifanya hivyo kwa kucheza tu. Nilimwonyesha ile nyota ya Tausi na jirani zake wawili, nikamwambia: ile ya kuume inang'aa kupita zote, ile ya kushoto ni hafifu, sasa sema yetu iko wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitazama dakika kumi na kuandika kwamba iko katikati kabisa.

Mama hakuchukua hata nusu dakika.

"Hapana katikati. Kama kutoka kushoto mupaka kuume kuko hatua tano, yeye iko pa hatua ya kwanza na nusu."

"Unayuaje?"

"Niko naona," akasema, kama vile nimemuuliza anajuaje kuwa mvua inalowesha.

Nikatazama tena. Kwa kweli, baada ya kuambiwa, nikaona. Nikafuta changu, halafu nikajionea haya, nikakirudisha, na pembeni nikafungua safu nyingine kwenye daftari nikaandika cha mama. Kesho yake nikamwita tena. Kesho kutwa yake alikuja mwenyewe, akisema anapumzisha mgongo.

Inabidi nieleze mama yangu anafanya nini mchana. Mteja anamletea suruali nyeusi iliyochanika. Mama anavuta droo yenye nyuzi nyeusi, na kwa macho yangu zote ni nyeusi. Yeye anazitoa nne, anakwenda nazo mlangoni penye mwanga, anazilaza juu ya kitambaa, anasema hii ina bluu ndani, hii imekunywa jua, hii ni ya suruali nyingine, hii ndiyo. Ukishona kwa hiyo, mshono hauonekani. Amefanya kazi hiyo miaka thelathini na tano. Mimi nilikuwa nimeishi na macho hayo tangu kuzaliwa na sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kutazama juu.

Baada ya wiki tatu nilipeleka daftari Kasapa. Profesa aliingiza safu yangu kwenye kompyuta: maharage. Akaingiza safu ya pili, na mbele ya macho yetu ukatokea mstari mmoja laini, unaopanda, unaoinama, unaoshuka, unaopanda tena, kila siku tisa.

Akagonga safu ya pili kwa kidole. "Huyu wa pili ni nani?"

Nilikuwa nimeandika alama ya M tu. Nikasema ni mtu wa nyumbani.

"Amesomea wapi?"

"Alisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, Prof. Ni mama yangu. Ni couturière."

Nilidhani atakasirika kwamba data ya tasnifu imeingiliwa. Badala yake aliegemea kiti chake, akaanza kucheka polepole, kisha kwa nguvu, mpaka akavua miwani na kuifuta. Mimi nami nikashikwa. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anapita akachungulia mlangoni, akatukuta tunacheka mbele ya grafu, akafunga mlango taratibu.

Jumamosi iliyofuata profesa akaja Kamalondo. Alikuja na suruali mkononi, eti ya kupunguzwa urefu, kwa sababu aliona haya kumtembelea mwanamke wa watu bila shughuli. Mama akampima, akachoma pini, akamwambia aketi. Kisha akavuta ile droo.

"Papa Prof, unasemaka macho yangu iko muzuri. Tuone yako." Akamwekea nyuzi mbili nyeusi juu ya meza achague unaolingana. "Gani njo inaelekea suruali yako?"

Profesa alizitazama muda mrefu. Alizipeleka mlangoni kama nilivyokuwa nimemsimulia kwamba mama hufanya. Alirudi na uzi wa kulia, kwa uhakika wote wa mtu mwenye shahada tatu.

"Apana," mama akasema. "Ile ni ya kijani."

"Ya kijani, Maman?"

"Kijani nyeusi."

Profesa akainama akautazama tena, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba anaona nyeusi tu. Siku hiyo aliondoka bila suruali, ila alituachia jumelle. Alisema kifaa kikae mahali kinapofanya kazi.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilipinduka. Mama akawa mtazamaji, mimi nikawa karani wa ramani, na baba akaingia kwa mlango wake mwenyewe. Baba ni mstaafu wa reli, mtoto wa mtu wa reli, na ana saa ya mkononi anayoirekebisha kila asubuhi kwa kufuata redio. Alinisikia jioni moja nikiandika "karibu saa moja," akainuka kitini.

"Karibu?" akauliza. "Mi nilifanya miaka makumi tatu pa chemin de fer. Train haitokake karibu saa moja. Andika dix-neuf heures zéro quatre." Yaani saa moja na dakika nne.

Nikamwambia hiyo ni afadhali, lakini nyota hazitumii saa ya Lubumbashi. Watazamaji wote duniani huandika saa moja tu ya pamoja, na kwetu inabidi kupunguza masaa mawili. Baba alilichukua jambo hilo vibaya. Alitaka kujua ni nani aliyeamua. Alitaka kujua kama watu hao wamewahi kuendesha treni. Baada ya siku mbili za kunung'unika, nikamkuta ameketi mezani na saa mbili: ya mkononi mwake, na saa ya zamani ya ukutani aliyoirudisha nyuma masaa mawili na kuibandika karatasi iliyoandikwa NYOTA. Tangu siku hiyo, mama akisema namba yake, baba anasoma saa kwa sauti ya mtu anayetangaza treni inaingia.

Profesa alipoona tumekomaa, alituongezea nyota ngumu zaidi. Moja ilikuwa katika kundi la Mshale, hafifu kiasi kwamba bila jumelle mjini huioni. Jioni za mwezi wa nane ilikuwa karibu na utosi, hivyo mama aliitazama akiwa amelala mkekani, viwiko vyake juu ya mito miwili iliyojazwa vipande vya vitambaa. Nyota hii, profesa alisema, ni ya aina ya nadra. Inaweza kukaa miaka bila kufanya chochote, kisha siku moja ikashuka ghafla bila taarifa. Kazi ni kuitazama kila jioni na kuandika kwamba hakuna kitu.

"Mupaka lini?" mama akauliza.

"Mpaka itakapoamua, Maman."

Wengine wangechoka. Mama alisema hiyo ni sawa na kumngojea mteja mzuri. Kila jioni: "Iko pale pale." Baba: "Dix-neuf heures onze." Mimi: naandika. Ilikuwa hivyo wiki sita.

Mwisho wa mwezi wa nane watu huchoma majani porini kuzunguka mji, na anga hupata rangi ya chai ya maziwa. Jioni moja ya moshi kama huo mama alikaa na jumelle muda mrefu kuliko kawaida. Aliishusha, akafuta macho, akaiinua tena.

"Imepunguka," akasema.

"Ni moshi, mama."

"Apana. Hawa babili iko pembeni yake habakupunguka. Moshi ingepunguza bote."

Nikachukua jumelle nikatazama. Sikuona tofauti yoyote na nikamwambia hivyo. Akaniuliza kama nimesahau nyuzi za profesa. Nikaandika namba yake, ndogo kuliko ya jana kwa kiasi ambacho hata kwenye ramani ni kama unene wa kalamu. Baba alisoma saa, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Uandike muzuri."

Jioni ya pili ilikuwa imeshuka zaidi. Jioni ya tatu hata mimi niliona. Nikampigia profesa simu papo hapo uani, baba amesimama juu yangu, mama bado mkekani.

"Una hakika si nyota nyingine?" profesa akauliza. "Wakati mwingine mtu anapotea kwenye Mshale, nyota ni nyingi mno upande ule."

Nikampa mama simu.

"Papa Prof," mama akasema, "mi siwezi kupotea. Niko natoka pale kila siku."

Kisha profesa akasema atatuma taarifa usiku huohuo, akitumia alama ya M.

Kesho yake nilikwenda Kasapa mapema kuliko walinzi. Profesa alikuwa tayari ofisini, na kutokana na shati lake nilijua hakurudi kulala. Alinigeuzia kompyuta. Watazamaji wawili wa nchi nyingine za kusini walikuwa wamejibu. Nyota ile ilikuwa inashuka kweli. Wao walikuwa wameiona siku moja baada ya mama, na mmoja wao aliuliza, kwa adabu sana, kama M angeweza kueleza anatumia darubini gani.

Nilifanya jambo ambalo mpaka leo wenzangu hunikumbusha. Nilitoka nje nikakimbia. Sikuwa na mahali pa kukimbilia, nilikimbia tu kuzunguka jengo, nikirudi mlangoni na kupita tena, mpaka kiatu kikanivuka. Profesa alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Nilipopita mara ya tatu akaniuliza kama ninaweza kukimbia kuelekea Kamalondo, maana kuna mtu anayestahili kuambiwa.

Tulikwenda pamoja. Mama alikuwa anamalizia mkono wa nguo ya bibi harusi ya kikwembe, kile ambacho wengine huita kitenge, na hakutaka kuuacha katikati. Alisikiliza akishona. Profesa alimweleza kwamba nyota za aina ile zina kaboni nyingi, na mara moja moja hupuliza wingu lake nje. Wingu likipoa linakuwa chembe nyeusi, masizi hasa. Likitokea upande unaotuelekea, linaifunika nyota.

"Donc haikufa," mama akasema.

"Haikufa. Iko nyuma ya moshi wake mwenyewe."

"Sawa mbabula."

Mama akamwonyesha kwa kidole jiko lake la makaa uani, mbabula iliyotumika miaka mingi kupasha pasi siku za kukosa umeme, na ukuta wa nyuma yake uliokuwa mweusi mpaka juu.

"Sawa kabisa na mbabula, Maman," profesa akasema, na akatoa kalamu akaandika hilo kwenye kiganja chake.

Baada ya hapo mama akakata uzi, akasimama, akaingia chumbani akafunga mlango. Tuliokuwa nje tulisikia kicheko chake, kicheko cha msichana, kikiendelea na kuendelea. Baba alitusogelea akatueleza kwa heshima: "Iko nafurahi."

Baba naye hakuweza kukaa na habari hiyo. Kufikia wiki iliyofuata barabara yetu nzima ilijua kwamba mke wake amekamata nyota inazima. Nyota iliendelea kushuka kila siku, na mwishowe, mwezi wa tisa, ikatoka kabisa machoni pa jumelle. Ndipo majirani walipoamua kuja kuiona. Nilijaribu kueleza kwamba hakuna tena cha kuona. Hawakusikia. Saa moja jioni walipanga mstari kuanzia mlangoni mpaka uani: mama wa maandazi, kinyozi, vijana wawili wa baa, mama mmoja wa kutoka Kasai mwenye duka la vipodozi aliyekuja na kiti chake. Mama alimshika kila mmoja mabega, akamwelekeza jumelle.

"Unaona ile mbili? Katikati yao, unaona nini?"

"Sioni kintu."

"Njo yenyewe," ndiyo hiyo, baba alisema kwa fahari.

Nao walifurahi. Sijui nilijizuiaje kucheka. Kila mtu alitazama pale pasipo na kitu, akarudisha jumelle, akatikisa kichwa kwa mshangao. Kinyozi alirudi mwisho wa mstari akatazama mara ya pili. Mama wa maandazi alikaa kwenye jumelle muda mrefu kabisa, kisha akaniambia, "Ni kweli. Hayiko." Akaenda kuwaambia wa barabara ya pili, na siku iliyofuata wa barabara ya pili wakaja. Mimi niliandika kila jioni kile ambacho watazamaji huandika nyota isipoonekana, kwamba ni hafifu kupita jirani fulani. Nacho ni kipimo kamili, kinapokelewa kama kingine.

Muhula ulipofunguliwa profesa alimwalika mama Kasapa kuwafundisha wanafunzi wapya. Alikuja na kikwembe chake cha Jumapili, kilemba juu, na droo nzima ya nyuzi ndani ya kikapu. Hakugusa ramani wala jumelle saa nzima ya kwanza. Aligawa nyuzi za kijivu, kumi kwa kila kundi, akawaamuru wazipange kutoka ya giza mpaka ya mwanga. Kijana mmoja aliyejiona hodari alimaliza haraka akainua mkono. Mama akapita, akazigeuza tatu, akaendelea na safari yake bila neno. Darasa likalipuka kwa kicheko, na kijana mwenyewe akacheka zaidi yao.

Siku hiyo ndipo profesa alipoonyesha grafu ukutani: miezi yote ya nukta za mama, mstari ulionyooka kwa wiki sita, kisha mteremko. Mama alisogea karibu mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha. Aligusa nukta moja, akagusa nyingine.

"Hii yote ni mimi?"

"Ni wewe, Maman," profesa akasema.

Alishusha kilemba kidogo kwenye paji la uso, kama afanyavyo akitaka watu wasimtazame, na mimi nilijishughulisha na kukusanya nyuzi zilizoanguka chini ya meza.

Nilitetea tasnifu mwaka uliofuata. Mmoja wa walimu waliokuwa mezani aliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tumwamini mtazamaji M kuliko mimi niliyesomea fizikia. Nilianza kujibu kwa hesabu za makosa ya vipimo, na majibu yalikuwa mazuri, nilikuwa nimeyaandaa. Profesa hakuweza kungoja. Akasema kutoka kitini pake kwamba M ana miaka thelathini na tano ya kutofautisha nyeusi na nyeusi, na kwamba yeye binafsi amewahi kushindwa mtihani wake. Wakanipitisha. Wakati huo nyota ilikuwa imeanza kutoka kwenye masizi yake, polepole, kila wiki kidogo, na mama alikuwa akiifuata jioni kwa jioni.

Kiangazi hicho dada yake mama, anayekaa Pweto, alituita tukapumzike kwake kando ya ziwa. Barabara ilitutikisa siku mbili na mama alipakata jumelle njia nzima kama mtoto mchanga. Alikuwa na hamu kubwa. Profesa alikuwa amemwambia kwamba kule hakuna taa, kwamba ataona anga kama watu wa zamani walivyoliona.

Jioni ya kwanza, samaki wakavu wakiwa bado wametandazwa kwenye vichanja na harufu yao kila mahali, giza likaingia. Dada yake akatutolea mkeka. Mama akalala, akaweka viwiko vyake vizuri, akainua jumelle. Tukangoja. Baba alikuwa tayari na saa.

Mama akaishusha jumelle. Akatazama kwa macho matupu. Akainua tena.

"Mi sione," akasema.

"Huoni nyota?"

"Naziona. Ni mingi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea sokoni. "Ni mingi sana. Yangu iko wapi? Tausi iko wapi?"

Nikatazama mimi pia, na nikaelewa. Kule mjini tulizoea nyota chache, tulizijua kama nyumba za barabara yetu. Hapa zilikuwa zimemwagwa zote kwa mara moja, katikati ya kila mbili kulikuwa na ishirini, na katikati ya hizo ishirini vumbi jeupe. Sikupata kundi hata moja. Mwenye shahada alikuwa amepotea, na mtazamaji M, asiyeweza kupotea, alikuwa amepotea.

Mama alianza kutetemeka mabega. Nilidhani analia, nikamshika mkono. Alikuwa anacheka, bila sauti kwanza, halafu kwa nguvu, mpaka dada yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Baba aliuliza aandike saa ngapi, na hilo likatumaliza kabisa. Mwishowe dada yake aliweka mwiko chini, akajisogeza mkekani kati yetu, akatazama juu anakotazama kila siku ya maisha yake, akauliza tunacheka nini.

"Usiseme," mama akamwambia. "Ngoja kwanza niangalie."

Daftari lilibaki ndani ya kikapu mpaka tuliporudi Lubumbashi.